Bibi Caroline Thackeray wa Mbweni, Mlezi wa Waliofiwa



Kila mwaka unapoingia mwezi wa Novemba, Kanisa letu huadhimisha siku mbili zinazofuatana. Tarehe 1 ni Siku ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 ni Siku ya Marehemu Wote. Katika siku hiyo ya pili tunawaombea jamaa zetu waliolala kwa kuwataja majina, na baada ya Misa wengi huenda makaburini kufyeka majani na kusali kidogo. Lakini wako kati yetu wenye majina ya kutaja na wasio na kaburi la kwenda. Mtu wao alipotea baharini, au alikwenda safari ya mbali asirudi, wala hapakupatikana mwili wa kuzika. Huzuni ya watu hao ni nzito, na mara nyingi haina wa kuisikiliza.

Kwa ajili yao hasa tumeona vema kuandika habari za Bibi Caroline Thackeray, ambaye kaburi lake liko katika uwanja wa makaburi wa Kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni. Wengi wetu tunamjua kama mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Ni kweli, lakini alikuwa pia mlezi wa watu waliofiwa na kila mtu wao, na kazi hiyo aliifanya karibu miaka 50.

Mbweni ilivyoanza

Tuanze na mahali penyewe. Askofu Tozer na Dr. Steere walifika Unguja tarehe 31 Agosti 1864, wametumwa na Misioni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Mwaka huo huo Sultani Majid alimpa Askofu wavulana watano waliotolewa katika utumwa, na hao ndio wanafunzi wa kwanza wa Misioni hapa Unguja. Baadaye wakaja wasichana pia, wakakaa na Misioni katika nyumba ya Mambo Msiige, Shangani. Mwaka 1871 Askofu Tozer alinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji, kando ya bahari, na huko ikajengwa Shule ya Mtakatifu Maria kwa ajili ya wasichana.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini biashara haikwisha siku ile. Majahazi yaliendelea kupita usiku kwa siri, na manowari za Waingereza, mojawapo ikiwa HMS London, ziliyafukuza na kuyakamata. Watu waliokutwa ndani waliteremshwa Unguja, na wengi wao wakakabidhiwa kwa Misioni. Watu wazima walipewa viwanja Mbweni wajenge na kulima. Wavulana walipelekwa Kiungani, na wasichana wakaingia Shule ya Mtakatifu Maria.

Hivyo ndivyo ulivyoanza mtaa wa Mbweni. Wazee husema kilio cha wengi ni arusi. Pale Mbweni kilio kilikuwa cha kijiji kizima, wala hakuna aliyeweza kumwambia jirani yake aende kwa ndugu zake akafarijiwe, maana hapakuwa na mwenye ndugu.

Kuja kwake

Bibi Caroline Thackeray alizaliwa mwaka 1843, na kwao ni Uingereza. Alikuwa wa ukoo wa William Makepeace Thackeray, mwandishi wa riwaya mwenye jina kubwa katika siku zile. Mwaka 1877 alifika Unguja, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, akatiwa mikononi mwake Shule ya Mtakatifu Maria. Hakuwa na mume wala hakuolewa baadaye. Watumishi wa UMCA hawakupewa mshahara, ila walitunzwa na kupata posho ndogo ya matumizi yao. Tena homa za pwani zilikuwa zimekwisha kuwaua Wazungu wengi wa Misioni, na kila aliyekuja alijua hivyo.

Watoto aliokabidhiwa walikuwa wametoka mbali: Uyao, Nyasa, Umakua, na nchi nyingine za bara. Tukitaka kujua walipitia mambo gani, tunaweza kusoma habari za ndugu zao wa Kiungani. Mwalimu Arthur Cornwallis Madan aliwataka wavulana wa huko waandike wenyewe habari za maisha yao, kisha akazifasiri kwa Kiingereza na kuzitoa katika kitabu mwaka 1887. Humo wanaeleza nyumbani kwa baba zao, vita vilivyokuja, jinsi walivyotekwa, njia ndefu ya kwenda pwani, na kuuzwa mara moja, mara mbili, hata mara nyingi. Mtoto aliachana na mama yake njiani, au sokoni, au katika giza la usiku wa vita, wala hakujua kama amekufa au yu hai.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu aliyefiwa kwa kawaida anajua la kufanya, hata kama moyo unauma. Mwili unaoshwa, unazikwa, watu wanakaa tanga, siku zinahesabiwa, kisha tanga linaanuliwa na mfiwa anarudi kazini taratibu. Lakini hesabu ya siku huanza pale mtu anapozikwa. Mtoto wa Mbweni aanze kuhesabu tangu lini? Akilia kana kwamba mama amekufa, huenda yu hai. Akimngojea kana kwamba yu hai, huenda alikwisha kufa zamani njiani. Basi tanga lake halina siku ya kukaa wala siku ya kuanua.

Na tukumbuke jambo moja la miaka ile ile. Mwezi Mei 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu miezi mingi mpaka pwani. Ukapita Unguja, ukapelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo tunao katika Kanisa letu Kuu mpaka leo. Tunawaheshimu sana Susi na Chuma kwa upendo wao. Lakini mama na baba za wasichana wa Mbweni walioanguka katika njia zile zile, hakuna aliyewachukua, wala hakuna aliyeweka alama walipoanguka.

Alivyowalea

Siku zile hapakuwa na kazi iitwayo tiba ya huzuni, wala Bibi Thackeray hakujiita mganga wa moyo. Alikuwa mwalimu. Tukitazama kazi yake, tunaona mambo manne yaliyowapa watoto wale nguvu ya kuishi.

La kwanza ni mpango wa siku. Shuleni kulikuwa na sala asubuhi na jioni, masomo, na kazi za mikono. Wenye kipawa cha kusoma walifundishwa wawe waalimu. Wengine walijifunza kushona, kufua, kupika na kulima, ili kila mmoja awe na riziki yake. Mtu mwenye huzuni akikosa la kufanya, mawazo humla. Akiwa na jembe au sindano mkononi, na mwenzake akiwa karibu, siku hupita na usingizi huja.

La pili ni jina. Katika Ubatizo walipewa majina ya Kikristo, lakini wengi hawakuyatupa majina yao ya kwanza. Ndiyo maana katika habari za Misioni tunasoma John Swedi, George Farajallah, Cecil Majaliwa. Jina moja lilikuwa la maisha mapya, na la pili liliwakumbusha walikotoka.

La tatu ni jamaa. Wasichana wa Mbweni waliolewa, wengi wao na vijana wa Kiungani, wakapata watoto, na wengine wakaenda na waume zao bara kufundisha. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa Misioni hii kupewa upadre. Mwaka 1891 Martin Kayamba, mwandishi na mtu mkubwa wa serikali ya Tanganyika baadaye, alizaliwa pale pale Mbweni, babaye akiwa mwalimu. Kijiji cha watu wasio na ndugu kikawa kijiji chenye mashemeji, wakwe na wajukuu.

La nne ni kanisa na makaburi yake. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilifunguliwa mwaka 1882. Tangu hapo watu wa Mbweni walikuwa na mahali pao pa kubatizia, pa kuozea na pa kuzikia. Maandiko yanatuambia kwamba Ibrahimu, alipokuwa mgeni katika nchi ya Kanaani, alinunua shamba la Makpela ili apate pa kumzika Sara. Hakuwa na haki ya ardhi nyingine yoyote, lakini kaburi alilinunua. Watu wa Mbweni nao walikuwa wageni. Siku walipomzika mwenzao wa kwanza katika uwanja ule, kwa kengele na sala na watu wakisimama, walianza kuwa wenyeji.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Wakubwa wa Misioni walikuwa wageni kutoka Ulaya, sheria zao zilikuwa kali, na mara nyingi waliamua mambo ya watu walioachwa huru bila kuwauliza. Watoto walijifunza mengi ya Uingereza ambayo hayakuwafaa. Habari hizi nazo ni za kweli, na si heshima kwa marehemu kuzificha. Lakini tunaona pia kwamba chini ya ukali ule palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuondoka.

Yeye mwenyewe afiwa

Kukaa mahali miaka mingi ni kufiwa mara nyingi. Mwaka ule ule wa 1882 kanisa lilipofunguliwa, mwezi wa Agosti, Askofu Steere alifariki ghafula mjini. Alizikwa nyuma ya altare ya Kanisa Kuu alilolijenga mahali pa soko la watumwa. Bibi Thackeray alikuwa amefanya kazi chini yake miaka mitano.

Akaja Askofu Smythies, mtu wa safari ndefu za miguu bara. Afya yake ikavunjika, na mwezi Mei 1894, akiwa njiani kurudi Uingereza, alifariki melini akazikwa baharini. Fikirini habari hiyo ilivyopokelewa Mbweni. Watu ambao jamaa zao hawakuwa na makaburi, sasa askofu wao naye hakuwa na kaburi. Katika jambo hilo mchungaji alikuwa sawa na kondoo zake.

Mwaka 1902, baada ya miaka 25, Bibi Thackeray aliwaachia wengine kazi ya ualimu mkuu. Alikuwa karibu na miaka 60. Wengi wa umri wake, kama homa haikuwaua, walirudi kwao kupumzika. Yeye alibaki Mbweni. Hakubaki mwaka mmoja au miwili kumaliza mambo, alibaki miaka 24, akazeeka kati ya wanafunzi wake wa zamani, akiona wajukuu wao. Wasichana aliowapokea wadogo sasa walikuwa bibi, na baadhi yao walikuwa wamelala karibu na kanisa.

Tarehe 2 Novemba 1924 Askofu Frank Weston alifariki Hegongo, karibu na Magila. Ilikuwa Siku yenyewe ya Marehemu Wote. Maaskofu watatu sasa walikuwa wamefia kazini tangu Bibi Thackeray afike: mmoja kaburi lake mjini, mmoja baharini, mmoja bara.

Naye mwaka 1926 akalala, mwenye umri wa miaka 80 na zaidi. Hakupelekwa Uingereza. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Yohana, pamoja na watu aliowalea. Watoto wale hawakuweza kurudi kwao kuzika wazazi wao, na mlezi wao, ambaye angaliweza kurudi kwao, alichagua kuzikwa pamoja nao.

Tunajifunza nini

Wasomaji wengine watasema hayo ni ya zamani. Sivyo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikienda Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe, katika bahari hii hii tunayoiona kutoka ufuoni Mbweni. Watu wengi sana hawakupatikana miili yao. Hakuna mtaa Unguja usioguswa na misiba ile, Wakristo na Waislamu. Katika nyumba nyingine mpaka leo iko nguo ambayo haikutolewa, na simu ambayo namba yake haikufutwa. Mama anajua kwa akili kwamba mwanawe hatarudi, na bado akisikia hodi usiku moyo unaruka.

Wataalamu wa siku hizi wamejifunza sana huzuni ya namna hiyo. Pauline Boss, wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kwa kuwatazama wake wa marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1999. Anafundisha kwamba mtu wa huzuni hii si mgonjwa wala si mwenye imani haba, bali msiba wenyewe hauna mwisho unaoonekana. Kumhimiza asahau ni kumwongezea uchungu. Afadhali asaidiwe kushika mambo mawili kwa pamoja: kwamba mpenzi wake hayupo, na kwamba upendo wake upo. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake nao walionyesha kwamba mtu aliyefiwa halazimiki kukata kamba ya upendo ili apate kupona. Watu wengi huendelea kushikamana na marehemu wao kwa kumbukumbu, kwa sala na kwa matendo, na wanaishi vizuri.

Kanisa halishangai kusikia hayo. Tunaungama ushirika wa watakatifu, maana yake hatujatengwa kabisa na waliotutangulia. Lakini tuwe waangalifu. Ushirika huo ni katika Kristo. Hatuwaiti marehemu waje kusema nasi, wala hatulipi fedha kwa mganga atuletee habari zao. Wako watu wenye ujanja wanaokula jasho la wafiwa kwa njia hiyo. Sisi tunawakabidhi marehemu wetu kwa Mungu anayejua kila mmoja alipoanguka, hata kama sisi hatujui.

Nchi nyingine siku hizi wafiwa hukusanyika siku kadhaa mahali pa utulivu, wakasali, wakanyamaza, wakasimulia habari za watu wao. Kanisa letu lina desturi hiyo tangu zamani, nayo ndiyo retriti. Hatuhitaji kwenda mbali wala kulipa fedha nyingi. Majengo ya Shule ya Mtakatifu Maria leo ni magofu, lakini Kanisa la Mtakatifu Yohana liko, na makaburi yapo.

Basi tunatoa shauri. Katika Novemba, kila mwenye msiba usio na kaburi atenge nusu siku. Aende Mbweni, au kanisa lolote lililo karibu naye, pamoja na mwenzake mmoja au wawili. Aandike jina kamili la mtu wake, la Ubatizo na la nyumbani. Asimulie habari zake kwa sauti, mema na mabaya, na mwenzake asikilize tu bila kumkatiza wala kumhimiza anyamaze. Kisha jina litajwe katika Misa. Mwakani arudi tena tarehe ile ile. Mwenye kaburi anayo tarehe ya maziko. Asiye na kaburi aichukue tarehe 2 Novemba iwe yake, ahesabu kuanzia hapo, na tanga lake lipate mahali pa kuanuliwa.

Na sisi tusiofikwa na msiba kama huo tuna kazi yetu. Rambirambi za siku tatu si vigumu kuzileta. Vigumu ni kurudi mwezi wa sita, na mwaka wa tatu, na wa kumi, jirani alipokwisha kuchoka kusikia habari ile ile. Bibi Thackeray hakuweza kumrudishia mtoto hata mmoja mama yake, lakini alikaa nao hata akazikwa nao. Mkifika Mbweni, litafuteni kaburi lake, na baada ya kumwombea yeye, waombeeni pia wale wazazi wa bara ambao majina yao hatuyajui.

Mungu awape raha ya milele wote waliolala, wenye makaburi na wasio nayo, na nuru ya daima iwaangazie. Amina.